Samaki wa Maji Baridi

Damaris Nekesa alikuwa na mazoea ya kuchovya kiganja katika maji kabla ya kuyatumia, yawe ya kuogea, ya kufulia au ya kukandia unga. Waliokuja kuishi naye baadaye walidhani ni mambo ya usafi, au labda ndivyo wanavyofanya kwao Bungoma. Kwao hawafanyi hivyo. Mazoea hayo alitoka nayo Al Qusais, mtaa wa Dubai, katika nyumba ya Bi Khamisa, kiangazi cha mwaka 2007, na hakupenda kuulizwa habari zake.

Alizaliwa karibu na mto Nzoia, katika nyumba ambayo samaki alikuwa kitoweo, hakuwa kitu cha kutazamwa. Baba yake alitengeneza baiskeli. Mvua kubwa ikinyesha na mto ukifurika, kambare walitoka kwenda kutaga katika majani ya ukingoni, na baba aliweka spana chini akaenda kuwangojea hapo na tenga. Damaris alisoma hadi kidato cha nne, akaoka mikate Webuye kwa miaka kadhaa, akazaa binti akamwita Daisy. Baba wa Daisy alipohama bila kuaga, Damaris alimwacha mtoto kwa bibi yake akaenda Ghuba kupitia kwa wakala.

Kwanza aliwekwa Mirdif, kwa Sultan, mtu wa makamo mwenye asili ya Unguja aliyekuwa kafeel wake, yaani mdhamini wa viza yake. Huko kulikuwa na tangi kubwa la samaki wa bahari, limewashiwa taa kali mchana kutwa hata kifuniko chake kilikuwa cha moto ukikigusa, na kila wiki palikuja mtu kukoroga chumvi ya pakiti ndani ya ndoo. Kisha Mzee Mohdhar, baba yake Sultan, akafariki, na Sultan akamhamishia Damaris Al Qusais ili mama yake, Bi Khamisa, asikae peke yake.

Bi Khamisa aliletwa Dubai akiwa bibi harusi mdogo, na tangu hapo Kiswahili chake hakikuhama Unguja hata siku moja. Siku ya kwanza Damaris alimwita madam, kama alivyofunzwa na wakala.

"Madam yuko ofisini," Bi Khamisa akamjibu. "Hapa yupo Khamisa tu. Ukiona zito, niite Bi Khamisa."

Walielewana upesi, ingawa si kwa maneno yote. Bi Khamisa akiagiza tungule, Damaris alisimama katikati ya jikoni mpaka aonyeshwe nyanya. Akiambiwa amenye mbatata, yaani viazi, aliuliza mbatata ni mnyama gani, na bibi alicheka hadi akashika ubavu. Ikawa mchezo wao. Neno geni likitokea waliulizana, wakachekana, wakaendelea. Lililokuja kuwaponza halikuwa neno geni. Lilikuwa neno ambalo kila mmoja alilijua tangu utotoni.

Tangi la Al Qusais lilikuwa la marehemu. Mzee Mohdhar alipostaafu kazi ya forodha, alinunua tangi la kioo akaliweka sebuleni mkabala na kiti chake, na katika samaki wote wa mapambo waliojaa madukani akachagua kambare. Si kambare wa mto Nzoia, wenye kichwa kipana na utelezi. Hawa asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini, na mkubwa wao hakuzidi kidole cha kati. Walikuwa na rangi ya shaba iliyochakaa, na ubavuni walivaa safu mbili za magamba magumu yaliyopandana kama vigae vya paa, hata mwenye duka aliwaita samaki wa deraya. Walikaa chini mchangani wamejipanga, ndevu zao fupi zikipapasa, macho yakigeuka kama mtu anayekonyeza. Mara moja moja mmoja alipanda kwa kasi mpaka juu, akagonga uso wa maji, akameza hewa, akarudi kukaa palepale kana kwamba alikwenda dirishani kuangalia nani anapita.

Bi Khamisa aliwaita wazee wa baraza. Marehemu, alisimulia, alikuwa akiwatazama na kusema: nyumba ya kambare hii, baba ndevu, mama ndevu, mtoto ndevu, basi mkubwa nani? Naye bibi alimjibu kwamba mkubwa ni yule anayepika. Kambare wenyewe walikuwa saba. Kila siku baada ya sala ya alasiri Bi Khamisa aliketi katika kiti cha mumewe, akawaamkia, akawapa habari za siku: nani amezaa, nani amepiga simu, nani hakupiga. Damaris alileta chai akaondoka taratibu. Alijua habari zile hazikuwa za samaki.

Mara moja kwa mwezi alikuja Yowasi, mtu wa Masaka nchini Uganda, mfanyakazi wa duka la samaki, kusafisha tangi. Mara ya kwanza Damaris alipomfungulia mlango, Yowasi aliinamisha kichwa akasema, good morning, madam. Damaris alimwonyesha ufagio aliokuwa ameushika akamuuliza ni madam gani huyo. Tangu siku hiyo akamwita dada, na kila alipogonga mlango hakuacha kumtania: "Dada, madam yupo?" Waliabudu kanisa moja, Oud Metha, siku ya Ijumaa kama Wakristo wengi wa mji ule, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko. Baada ya ibada walikuwa wakikaa ukutani nje, wakinywa soda na kusema habari za nyumbani.

Mwezi wa Julai dada yake Bi Khamisa akaugua Unguja, na bibi akafunga safari. Mizigo ilikwisha shuka, Sultan alikuwa chini anapiga honi, naye bado amesimama mlangoni na buibui lake.

"Na wazee wangu, mwanangu," akasema. "Maji yakipungua waongezee. Lakini kumbuka, hawa ni samaki wa maji baridi. Usije ukafanya mambo ya kule kwa Sultan."

Damaris akaitikia kwamba amesikia, na kweli alisikia. Ila kwa mtu wa Unguja, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi, ya mto, ya kisima, ya mfereji. Yanaweza yakachemka jikoni na bado yakawa maji baridi. Kwa mtu wa Bungoma, maji baridi ni maji baridi. Bi Khamisa alikuwa akiionya mikono iliyozoea kuona chumvi inakorogwa Mirdif. Damaris akakumbuka zile taa kali na kile kifuniko cha moto, akaona bibi ana haki.

Kuyapata maji baridi Dubai mwezi wa Julai si kazi ndogo. Tangi la jengo liko juu ya paa, na bomba la maji baridi hutoa maji ya kunyonyolea kuku. Kiyoyozi cha sebuleni nacho kikaanza kukohoa. Damaris akaona wazee wanapanda kumeza hewa mara nyingi kuliko kawaida, akaingiwa na wasiwasi. Akatoa chupa ya maji kwenye friji, akaimimina polepole pembeni mwa kioo.

Kesho yake asubuhi akakuta tangi limechangamka. Kambare walikuwa wakifukuzana, na juu ya kioo vilikuwa vimebandikwa vipunje vyeupe, vya mviringo, kama mbegu za mtama. Ilimchukua muda kuelewa kwamba ni mayai. Akampigia Bi Khamisa Unguja, na bibi akapiga kigelegele mpaka simu ikakwaruza. Tangu marehemu afe, alisema, hawajataga hata mara moja.

"Umewafanyia nini, mwanangu?"

"Nimefanya ulivyoniambia, Bi Khamisa. Maji baridi."

"Hayo hayo. Usibadilishe."

Alhamisi ya wiki ile akaja Yowasi. Alipoyaona mayai alipiga magoti mbele ya tangi kama mtu aliyeona kaburi la nabii. Akaeleza kwamba wazazi wenyewe huyala, kwa hiyo akaomba chupa tupu ya jamu, akayabandua kwa ncha ya kidole, moja moja, ili aende nayo dukani akayaangue huko. Alikuwa amefurahi sana. Alisuuza sifongo la pampu, akafuta kioo, akamuuliza Damaris alifanya nini, maana yeye dukani amejaribu kila kitu na hawajapata kutaga.

Damaris angeweza kumwambia. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini ilikuwa zamani sana tangu mtu amuulize jambo analolijua yeye peke yake, na ladha yake ikamlevya kidogo.

"Hiyo ni siri yangu na wazee," akasema.

"Haya, daktari," Yowasi akajibu, akacheka, akabeba ndoo yake akaenda.

Mchana ule ule kiyoyozi kikafa kabisa. Mlinzi wa jengo akasema fundi hapatikani mpaka Jumamosi, inshallah. Kufika alasiri sebule ilikuwa kama tanuri alilokuwa akifanyia kazi Webuye, na wazee wakawa wanapanda na kushuka bila kupumzika. Damaris akatoa barafu yote iliyokuwa katika jokofu akaitia. Haikumridhisha. Akateremka hadi bakala, duka la chini, akapanda na mfuko mzima wa barafu, akautia nusu. Wazee wakatulia mchangani, kimya, hawapandi tena. Akafarijika. Akajisemea kwamba sasa wamepata baridi yao. Asubuhi kabla ya kwenda kanisani akamalizia mfuko uliobaki, kwa haraka, basi lisije likampita.

Aliporudi, Sultan alikuwa sebuleni. Ilikuwa kawaida yake kupita pale baada ya sala ya Ijumaa. Alikuwa amesimama na kanzu yake nyeupe, kiganja juu ya kioo. Barafu ilikuwa imekwisha yeyuka, na maji yalikuwa safi, yametulia. Kambare watano walikuwa wamelala ubavu, deraya zao zimepauka. Wawili walikuwa nyuma ya jiwe wakihema.

"Hawa walikuwa wa baba yangu," Sultan akasema. Hakupaza sauti. "Nani amegusa tangi hili?"

Katika kichwa cha Damaris mambo mengi yakapita kwa pamoja: viza yake iliyo mkononi mwa mtu huyu, Daisy aliyeingia kidato cha pili, Bi Khamisa na kigelegele chake.

"Yowasi alikuja jana kusafisha," akasema.

Kila neno lilikuwa la kweli. Ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote, kwa sababu uongo angeutubu kwa jina lake, lakini ukweli ule hakujua autubu kwa jina gani. Alijaribu kujitetea kwamba wakati ule hakujua bado kilichowaua. Ni kweli, hakujua. Lakini mtu asiyejua hana haja ya kwenda jikoni na kusukuma mfuko mtupu wa barafu chini ya maganda ya viazi.

Sultan akapiga simu dukani pale pale. Alizungumza Kiarabu, na Damaris alishika maneno machache tu: baba, samaki, yule Mganda.

Ijumaa iliyofuata Yowasi hakuonekana kanisani. Iliyofuata tena akaja, amekonda uso, akakaa pembeni yake ukutani bila soda. Akamwambia kwamba arbab wake, mwenye duka, amemwondoa katika kazi ya majumbani, sasa yuko nyuma ya duka anaosha matangi. Arbab amesema wamngoje mama mwenyewe arudi kutoka Zanzibar, kwa kuwa samaki ni wa mumewe na neno ni lake. Mama akimkataa, khalas, viza inafutwa, anarudi Masaka.

"Mimi nafikiri ni ile ndoo, dada," akasema. "Labda ilikuwa na sabuni. Naiosha, nainusa, nasikia hakuna kitu. Lakini samaki hawezi kufa bure. Wewe ulikuwa pale. Nilikosea wapi?"

"Sikuona," Damaris akasema.

Kisha, kwa sauti aliyoisikia kana kwamba ni ya mwingine, akamuuliza ni nini hasa huwaua kambare wale. Yowasi, ambaye hakuna aliyempa nafasi ya kusema tangu mkasa ule, akajibu kwa kirefu. Sabuni huwaua. Chumvi huwaua, ngozi yao haiiwezi. Na baridi.

"Baridi?"

"Ee. Kwao mvua ikija, mto unapoa kidogo, wanajua maji yataongezeka na chakula kitakuja, wanataga. Ukipoa sana, wanakufa. Lakini baridi Dubai, mwezi wa saba, itoke wapi?" Akacheka mwenyewe, mara ya kwanza siku ile, akasimama akafuta vumbi la ukuta kwenye suruali yake nzuri.

Damaris akarudi nyumbani kwa basi akiwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Akamwona baba yake ukingoni mwa Nzoia na tenga lake, akiwangojea kambare waliotolewa na mvua. Walitoka kwa furaha. Walitoka kutaga. Akafikiri: basi mimi nilikuwa mvua, halafu nikawa tenga.

Angeweza kusema siku ile. Angeweza kumpigia Sultan, au kuteremka kituo cha pili na kurudi kanisani. Alijipangia kusema Jumatatu. Jumatatu ikapita. Kila alipolala alitunga namna ya kuanza, na kila alipoamka ile namna ilikuwa imeharibika, kwa kuwa sasa ilibidi aeleze pia kwa nini hakusema jana. Aliwalisha wale kambare wawili haraka haraka, bila kuwatazama. Ijumaa zilizofuata alikwenda ibada ya asubuhi sana, ambayo Yowasi haji, akajidanganya kwamba ni kwa ajili ya joto.

Bi Khamisa akarudi siku chache kabla ya Ramadhani. Dada yake alikuwa amepona. Alikuja na halua, na karafuu za kutia katika wali, na doti ya kanga kwa ajili ya Damaris, ya kumpongeza kwa wale watoto wa samaki, alisema, maana habari ya kifo alikuwa ameipata kwa Sultan lakini zawadi alikwisha inunua kabla. Akamtia kanga mkononi. Akavua buibui, akaenda kuketi katika kiti cha mumewe.

"Asalaam aleikum, wazee wangu," akasema. Akakaa hivyo, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu anayengoja wengine nao waitikie.

Kisha akaomba apewe simu. Alitaka kuzungumza na yule arbab.

"Mie si mtu wa kumkatia mwenzangu riziki," akasema. "Lakini yule Mganda hatotia tena mkono katika tangi la mume wangu. Atajua mwenyewe arbab wake."

Damaris alikuwa na simu katika mkono mmoja na kanga katika mkono wa pili. Akaiweka simu juu ya meza, mbali na bibi.

"Si Yowasi," akasema. "Ni mimi. Niliwatia barafu."

Bi Khamisa akamtazama kama aliyesikia neno geni, kama lile la mbatata.

"Barafu? Barafu ya nini, mwanangu?"

"Ulisema ni samaki wa maji baridi."

Bi Khamisa alifungua mdomo kueleza, akaufunga. Damaris aliona maana ikimfikia polepole usoni, kwanza lile neno la mlangoni, halafu lile la simu.

"Na mie nikakwambia hayo hayo," bibi akasema kwa sauti ndogo. "Nikakwambia usibadilishe. Nimewaua mie, nimekaa Unguja nakula halua."

"Neno lilikuwa lako, Bi Khamisa. Lakini Yowasi aliniambia wiki ya pili kwamba baridi inawaua. Nikajua. Nikanyamaza mpaka leo."

"Ulimwogopa Sultan?"

"Mwanzo nilimwogopa. Halafu nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshanyamaza."

Bi Khamisa hakumgombeza. Damaris alikuwa amejiandaa kwa ukali, kwa simu ya Sultan, hata kwa kufungasha, na upole ule ukamwacha hana pa kushika. Bibi aliuegemeza mgongo kitini, akawatazama wale wawili waliobaki.

"Nyumba ya kambare," akasema. "Wote tuna ndevu, na wa kuulizwa hayupo." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Haya. Arbab nitamwambia mie. Sultan nitamwambia mie, na usiogope, hakuna wa kukutoa hapa. Lakini yule kijana wa watu, huyo utamwambia wewe. Kwa mdomo wako. Mie hilo siwezi kukubebea."

Akapiga simu. Damaris alisikia sauti ya arbab ikijibu kwamba hapana shida, mama, yalla, atarudi kazini. Ilimalizika kwa dakika chache. Mwezi na zaidi mtu alikuwa amening'inia juu ya shimo, na kumbe kamba ya kumvuta ilikuwa fupi kiasi kile.

Ramadhani nzima Damaris aliendelea na ibada yake ya asubuhi sana; Yowasi akaja baada ya Idi. Aligonga kwa vishindo vya mtu mwenye habari njema, na mlango ulipofunguliwa alikuwa amebeba mfuko wa plastiki uliojaa maji, ameukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Dada, madam yupo?"

Damaris akajibu kwamba anasali, apite. Yowasi akaingia akiwa tayari anaeleza. Yale mayai ya ile chupa ya jamu! Mengine yalioza, lakini walioanguliwa aliwatunza nyuma ya duka, katika beseni, kwani arbab alimpa muda mwingi wa kukaa huko. Akainua mfuko kwenye mwanga wa dirisha. Ndani walikuwamo kambare wadogo kama ukucha, na kila mmoja, ukimtazama vizuri, alikuwa na ndevu.

"Nilisema, hata wakinifukuza, nitawarudisha kwa mama," akasema. "Wazazi wao niliua. Hawa wadogo nisiwaue."

Damaris alikuwa ametunga maneno mengi. Yaliyotoka yakawa machache.

"Hukuua wewe," akasema. "Niliwatia barafu, mfuko mzima, baada ya wewe kuondoka. Sultan alipouliza nani amegusa tangi, nikamwambia umekuja wewe. Na siku ile kanisani, uliponieleza, nilijua. Nikakuacha uondoke."

Yowasi aliuteremsha mfuko taratibu, akauweka juu ya maji ya tangi ili uelee, kama kazi yake ilivyotaka, maji ya ndani na ya nje yazoeane. Akausimamia kwa vidole viwili.

"Barafu," akasema baadaye.

"Ndiyo."

"Kila siku nilikuwa nanusa ile ndoo." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma namba. "Asubuhi nainusa. Jioni nainusa. Nilinunua nyingine, nayo nikainusa."

Damaris akaomba msamaha. Yowasi akatikisa kichwa, na haikujulikana kama ni kukubali, au ni kuzuia asiendelee. Alifungua mfuko. Wadogo wakatoka mmoja mmoja, wakashuka chini wakajipanga mchangani karibu na wale wakubwa wawili, na mmoja hakukawia, akapanda mbio hadi juu, akagonga uso wa maji, akameza hewa yake ya kwanza katika nyumba ile, akashuka.

Yowasi akakunja mkono wa shati, akachovya kiganja. Akakiacha humo kidogo. Kisha akasogea pembeni ili kuacha nafasi.

"Weka mkono," akamwambia.

Damaris akaweka. Maji hayakuwa ya moto wala hayakuwa ya baridi. Yalikuwa kama hayapo, kama maji aliyokuwa akimwogeshea Daisy alipokuwa mchanga. Akakikaza kiganja humo, asijue akitoe lini.

"Umesikia yalivyo?"

"Nimesikia."

"Basi ni hivi," Yowasi akasema, akainama kuokota ndoo yake. "Yawe hivi siku zote, madam."